Dari Haijakwisha

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Maskati. Sote wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, mlizi kama wewe. Mimi bado nabeba mawe kwa fundi, ingawa mgongo unanambia basi.

Umeuliza kama uache chuo hicho kikongwe cha Viena uje ukae nami. Ujanani, Unguja, nilikuwa na wenzangu tukipiga dari ya chokaa kwa vibao ili ishikane, siku nyingi mfululizo, huku tukiimba. Siku ya tatu nilimkumbuka mama mno, nikaweka kibao chini, nikaenda zangu shamba kwake. Mama alifurahi, akanipakulia muhogo. Kisha akauliza:

"Dari imekwisha?"

"Bado."

"Basi kula, baba, urudi. Wenzio wanakungoja."

Akanifungia muhogo uliobaki. Nilimwona ana moyo mgumu. Miaka mingi baadaye dada yangu akanambia kuwa siku ile mama alilia mpaka magharibi.

Rukia, mkeka wako nimeshautandika. Lakini halua nimempa mwenye kukuletea barua hii, uile huko huko, umalize masomo. Na usimuulize shangazi yako nilifanya nini baada ya kuifunga halua hiyo.

Babu yako