Ngozi ya Pampu ya Mzee Nunow

Jumatatu, 1 Februari 1954
Karani mkuu kanionya: barua zikichelewa tena, ofisi itatafuta tarishi mwingine. Miiba ya njia ya Korakora haijali barua ya serikali! Basi nimekwenda dukani kwa mzee Nunow kuchagua pampu ya baiskeli. Anazo mbili. Moja nyeusi, nzito, ya kukanyagia chini na kusukuma kwa mikono miwili. Nyingine nyembamba, inang'aa, inabanwa kwenye fremu.

Mzee akasema chukua nyeusi. Akaifungua mbele yangu. Kile kipande cha ngozi kinachosukuma upepo kilikuwa kimekauka. Akakata kingine palepale, ngozi ya mbuzi aliyemchinja mwenyewe, akakipaka samli, akajaribu. Upepo wa nguvu! Hiyo nyingine, alisema, ndani ina mpira tu. Joto la huku litaulainisha.

Nimechukua inayong'aa. Inapendeza kwenye baiskeli, basi.

Jumatano, 3 Februari
Pancha, hata Korakora sijaiona. Nimeziba vizuri. Pampu — wapi! Inahema tu, kama mbuzi mgonjwa. Nimekokota baiskeli juani hadi mjini, barua zote bado mkobani.

Nikapita hotelini kwa Sugow kunywa chai. Kosa kubwa. Kulow, dalali wa ngamia, hajui kunyamaza, na P zake zote ni B.

"Warya Awil! Leo baiskeli ndiyo imekubanda wewe?"

Akauliza kwa nini niliacha ile bambu kubwa ya Nunow, yeye aliiazima jana tu ikajaza tairi mara moja. Hoteli nzima ikacheka. Damu ikanipanda. Nikasema ile ina ngozi ya nguruwe, Mwislamu hawezi kuinunua.

Kicheko kikakatika. Astaghfirullah kila upande. Na mimi — nikaona raha! Raha kwamba wameacha kunicheka.

Alhamisi, 4 Februari
Kulow ameosha mikono na baiskeli yake mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa najisi ya nguruwe. Kiangazi hiki, maji ya kuchotwa mtoni kwa punda! Nikamwambia labda niliona vibaya. Akanishika bega: usimwonee haya Nunow, umetuokoa.

Nikasukuma baiskeli nikaenda zangu. Ningesema nini? Ningesema mengi.

Jumamosi, 6 Februari
Maka, muuza maziwa, amemwaga samli yote aliyonunua kwa mzee. Anasema mikono inayofungua pampu ndiyo inayopima samli. Shukri, mke wangu, naye akataka kumwaga yetu. Nikamzuia kwa ukali. Akaniuliza kwa nini nataka kula najisi. Nikaisogeza samli upande wangu.

Sasa samli ya Nunow naila peke yangu.

Jumanne, 9 Februari
Nimepita dukani kwake. Hakuna mteja hata mmoja. Mzee amekaa nje, akaniita, akauliza hali ya Shukri. Nikainua mkono nikapitiliza, ati nina haraka. Tairi la nyuma lilikuwa limelala, rimu ikigonga mawe. Sikushuka. Mwoga mkubwa mimi! Mtu aliyenishauri vizuri kama baba, nimemharibia riziki kwa sababu nilichekwa.

Ijumaa, 12 Februari
Baada ya swala sheikh ametangaza: kesho alasiri wote waliokuwa kwa Sugow siku ile waje msikitini. Kila mtu ataapa neno la nguruwe alilisikia kwa nani.

Jioni hii mzee Nunow amekuja nyumbani. Amebeba pampu nyeusi ndani ya gunia. Amekaa chini mchangani, hataki mkeka. Shukri akamletea chai, mzee akairudisha kwa upole.

"Habana, binti yangu. Msije mkabata tabu ya kuosha kikombe mara saba."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akanigeukia mimi.

"Awil, mwanangu, wewe beke yako uliniona nikikata ngozi ya mbuzi wangu. Kesho sema tu ulichoona. Shahidi mwingine sina."

Hajui. Hakuna aendaye tena dukani kwake kumwambia neno lilitoka kwangu. Wallahi hajui! Ananitegemea mimi!

Lakini Shukri akageuka, akaniangalia. Akauliza polepole: uliona? Siku ile ya kununua, ulikuwepo ukaona?

Nikasema natafuta kofia, nikaingia huku chumbani. Kofia iko kichwani. Naandika. Nawasikia nje. Mzee anamwambia Shukri asinilaumu, kijana ana kazi nyingi, huenda sikusikia maneno ya watu. Shukri ameinuka. Ndara zake zinakuja huku —