Ukurasa wa Kazi Niliomwandikia Baba

Mtaa wa Kauman,
Pekalongan.
9 Februari 2025

Mpendwa Baba Mdogo Darsono,

Assalamu alaikum. Natumaini mko wazima huko Balikpapan, na kwamba goti la Mama Mdogo Kustinah limepata nafuu. Sisi ni wazima. Mvua imetuingilia ndani mara mbili, lakini magodoro tuliwahi kuyapandisha.

Ningekupigia simu, ila najua sauti ingenikatika. Ule ukurasa wa kazi wa Baba mtandaoni, uliousifu ukawatumia wenzako bandarini, tafadhali waambie wasiutegemee. Haukuwa wa kweli, na aliyeuandika ni mimi.

Kiwanda alikofanya kazi Baba kilipofungwa nilimfungulia ukurasa, nikaandika alichoniambia: mpika rangi za nguo, Pekalongan. Wiki zikapita, hakuna mwajiri aliyeufungua. Rafiki yangu Ratmi, anayefanya kazi ofisi ya ajira, akanieleza kwamba waajiri hawasomi kurasa zote. Huandika maneno wanayoyataka, na asiye na maneno hayo hawamwoni. Akanishauri nipitie matangazo ya kazi, nichague maneno yanayomhusu Baba.

Mimi sikuchagua, nilibeba yote. Nikaandika kwamba ni mtaalamu wa kulinganisha rangi kwa kompyuta na msimamizi wa maabara. Nikajiambia atajifunza hukohuko. Baba alipouliza nimeandika nini, nikamjibu, "Yaleyale, Baba, nimeyapamba tu."

Haikuchukua muda akaitwa na kiwanda kimoja cha Semarang. Mama alimfungia wali wa megono, ule wa fenesi changa na nazi, akapanda treni ya alfajiri. Walimkalisha mbele ya kompyuta, wakampa kipande cha kitambaa, wakamwomba aitafute rangi yake. Akawaambia hajui hata pa kuiwashia. Dada wa ofisini akamsomea ukurasa wake neno kwa neno, mbele ya vijana waliokuwa wakisubiri zamu. Mmoja akacheka. Baba akaomba radhi, akasema kosa ni lake. Hakunitaja.

Haya nimeyasikia kwa Mama. Baba mwenyewe alirudi, akala, akaswali. Nilipomfuata kumwomba msamaha, aliniambia kitu kimoja tu: "Mwanangu, walimwita mtu mwingine. Nilisikiliza sifa zake, nikatamani na mimi nimjue."

Tangu hapo nashindwa kumtazama usoni. Angenigombeza ningepumua. Nilidhani namsaidia, kumbe nilikuwa namwonea haya baba yangu. Niliona alichonacho hakitoshi kuonyeshwa watu.

Jumapili iliyopita aliniita tuandike upya. Nikamweleza Ratmi alisema nini hasa. Tukayapitia matangazo, yeye akisema hili naliweza, hili futa. Yamebaki machache: rangi ya nili, nyekundu inayopikwa kwa mizizi, kuchanganya rangi kwa mkono, kufundisha wapya. Umri wake akataka uwe mstari wa pili. Mwisho akaniambia niandike kwamba kompyuta hajui, ila yuko tayari kufundishwa. Nikabisha kwamba hilo litawafukuza.

"Bora wajue wakiwa huko," alisema, "kuliko mimi nikiwa mbele yao."

Wanaoupitia sasa ni wachache. Lakini juzi karakana moja ya batiki huko Lasem, iliyokuwa ikitafuta mtu wa nyekundu ya mizizi, ilimwuliza kama anaweza kwenda kuwaonyesha. Mshahara hawajautaja. Baba alinitaka niusome ujumbe ule mara mbili, kisha akasema, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba safari hii twende wote, nikae pembeni nisikilize akijieleza. Niliitikia kwa kichwa, macho yangu chini.

Ukimpigia, mwulize habari za Lasem. Ya Semarang usiyaguse. Nisalimie Mama Mdogo, Lintang na mumewe, na Bibi Sumirah jirani yenu. Mama anawasalimu nyote. Mungu awaweke salama, na awape riziki isiyo na aibu ndani yake.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata katika fedheha hii,

Wulansih