Vigingi Vyangu Kwenye Majani Mafupi

Mshauri wangu mpendwa, Shangazi Waisiko, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, kwa kuwa nimejaribu kuiandika kwa ufupi mara tatu na kila mara nimejikuta nimeliruka jambo lile lile ambalo ndilo linalonichosha. Tafadhali jina langu lisichapishwe. Niite Mhitimu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mugumu, mwenye shahada ya usimamizi wa utalii. Baba yangu ni fundi wa maturubai sokoni, na kwa miaka miwili mizima baada ya kuhitimu kazi yangu ilikuwa kumshikia baba kitambaa wakati yeye akipiga cherehani, huku wateja wake, ambao tangu dhahabu ionekane upande wa Tarime wamekuwa wengi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, wakinitania, "Profesa, hiyo shahada yako inashona mshono gani?" nami nikicheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka huonekana ameumia. Maturubai ya baba yalikwenda machimboni moja baada ya jingine na jina lake likafahamika huko, wakati jina langu halikufahamika hata katika ofisi ambayo nilipeleka maombi mara saba.

Hatimaye kampuni moja ndogo ya utalii ilinipa kazi ya majaribio ya miezi mitatu. Nilitakiwa kutafuta na kupendekeza eneo la kambi kando ya ziwa, kwa ajili ya wageni wanaotoka mbugani Serengeti na kutaka kupumzika siku mbili tatu kabla ya kuvuka mpaka wa Sirari. Masharti yalikuwa wazi: nafasi ya mahema kumi na mawili, na ardhi tambarare na ngumu ya kuegesha yale magari makubwa ya wageni yenye vitanda na jiko ndani yake, ambayo yakizama kwenye udongo mweusi hayatoki bila trekta. Iwapo ripoti yangu ingekubaliwa, ningepewa mkataba wa kudumu.

Nilikagua maeneo matatu kando ya ziwa, upande wa Tarime. La kwanza lilikuwa ghuba nzuri sana, lakini wachimbaji husafishia humo mawe yao yaliyopondwa, na zebaki yao huishia majini, hivyo nililikataa, na katika hilo naamini nilifanya sahihi. La pili lilikuwa shamba la mihogo la mama mmoja anayeitwa Mama Amondi, lililoko juu ya mwinuko, penye ardhi ngumu, kivuli na majirani, ila ni mwendo wa dakika kumi na mbili hadi majini, na kwa kuwa maelekezo yangu yalisema "kando ya ziwa", nililipa alama arobaini na moja kati ya mia. La tatu, Shangazi, lilikuwa rasi ndogo ambayo nilipoiona nilisimamisha pikipiki nikashuka. Ni tambarare kama meza. Maji yako pande tatu. Na majani yake ni mafupi, ya kijani, yamesawazika kana kwamba kuna mtu anayeyakata kila Jumamosi. Nililipa alama tisini na tatu.

Nilichomeka vigingi thelathini na sita, nikavipaka rangi nyeupe na kuviandika namba, na nikasimamisha hema moja la baba kwa ajili ya picha za ripoti. Nikiwa katika kazi hiyo, Mama Amondi alipita na beseni la nguo kichwani. Alisimama, akatazama.

"Nyathina," aliniita kwa lugha yake, yaani mwanangu, "haya majani hapa nani anakata?"

Nilimjibu kwa heshima, "Mama, kwa sasa hayahitaji kukatwa. Hapo baadaye kampuni itaajiri mtunza bustani."

Alicheka mpaka akalishusha beseni. "Mtunza bustani yuko! Tena mnene, na mshahara hataki. Wewe umetoka wapi?"

"Mugumu, mama."

"Basi njoo ulale kwangu siku mbili. Mgeni huku kwetu akitaka mahali, analala kwa mtu kwanza, anaambiwa ardhi ilivyo. Ndipo uchomeke hiyo miti yako."

Nami, Shangazi, nilidhani ananivutia kwake ili shamba lake la mihogo ndilo lichaguliwe. Nilimwambia, "Nashukuru kwa maoni yako, mama, yatazingatiwa," na jioni hiyo hiyo nikarudi Mugumu, kwa sababu ripoti ilitakiwa Ijumaa. Meneja aliisifu mbele ya wafanyakazi wote. Baba alitembea sokoni duka hadi duka akiwaambia watu kwamba mwanawe sasa ndiye anayewachagulia wazungu mahali pa kulala.

Siku tisa baadaye nilikuwa dukani kwa baba nikimsaidia, kwa mazoea tu, alipoingia mtu aitwaye Rubeni, mkulima wa kijiji cha Kisaka, amebeba turubai lililochanika kutoka juu hadi chini. Alisema yeye na kaka yake Benedicto waliacha mashamba wakaenda kutafuta dhahabu, na walipofika ziwani wakiwa wamechoka, hawamjui mtu, waliona rasi yenye vigingi vyeupe vya namba. Wakadhani ni viwanja vya kambi vilivyopimwa kwa ajili ya wachimbaji. Benedicto alisema, "Hapa msomi ameshapima. Tulale kwa raha." Wakafunga turubai kati ya kigingi cha kumi na nne na cha kumi na tano. Kulipopambazuka Benedicto alitoka kunawa uso, na kiboko, ambaye alikuwa amemaliza kula majani na anarudi zake majini, akamkuta amesimama katikati ya njia, akampiga kumbo na kulipasua turubai. Mguu umevunjika mahali pawili, na amelazwa hospitalini.

"Mzee," Rubeni alimwambia baba, "nikimpata aliyechomeka vile vigingi, simpigi. Namuuliza swali moja tu."

"Swali gani?"

"Kama yeye mwenyewe aliwahi kulala pale."

Baba alitikisa kichwa, akatia uzi kwenye sindano, akamjibu, "Wasomi hao, mwanangu. Wanapima na kuondoka." Na mimi nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya turubai hilo.

Nilimpigia simu meneja nikamweleza. Alinijibu kwamba viboko ni kivutio, kwamba atazungusha uzio wa waya na kuweka mlinzi, kwamba wageni wa kwanza, ambao ni wastaafu wenye magari mawili ya kulala na mahema sita, watafika baada ya wiki tatu, na kwamba iwapo nitaibadilisha ripoti sasa, yeye hataiamini tena ripoti yangu yoyote. Mkataba nitausaini mwisho wa mwezi. Vigingi bado vipo, kwa kuwa nikiving'oa kabla kampuni haijatoa uamuzi itachukuliwa kwamba nimekiri uzembe. Kila asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Naomba unishauri, je, niutegemee uzio wa meneja, au niandike marekebisho ya ripoti, na kama ni kuandika, nitumie lugha gani ambayo haitaharibu heshima ya taaluma yangu ningali mwanzoni kabisa? Na je, ni lazima baba ajue?

Wako mtiifu,
Mhitimu, Mugumu

Shangazi Waisiko anajibu:

Marahaba, Mhitimu. Barua yako imeandikwa vizuri. Ningekuwa mwalimu wako ningekupa alama tisini na tatu.

Ila mimi si mwalimu wako, na nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja, sikukiona. Ripoti umeitaja na kuitaja. Mguu wa Benedicto umeupa sentensi moja, na hukusema kama unapona. Hujui, kwa sababu hujaenda kuuliza. Halafu umeniomba nifiche jina lako, lakini majina ya wengine wote umeyamwaga mezani. Nimewabadilishia mimi, kwa kuwa wewe hukuona haja.

Sasa usilie. Nakuhurumia, na nasema kweli. Miaka miwili ya kushika kitambaa huku watu wakikuita Profesa inachosha mifupa, na mtu aliyechoka kusubiri akipata nafasi huidaka kwa mikono miwili. Kutomjua kiboko nako si kosa. Sisi wa huku juu tunamjua tembo, tunamjua fisi, mtoto wa kijijini Machochwe atakuonyesha tembo alipovunja uzio wa mahindi akakwambia ni wa jana au wa juzi. Lakini majani mafupi kando ya ziwa hatuyajui. Mimi mwenyewe ningetandika mkeka hapo. Wazee husema mgeni ni kipofu hata akiwa na macho, na ndiyo maana kuna desturi ya kulala kwanza kwa mwenyeji.

Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Mwanamke mwenye beseni la nguo alikupa elimu ambayo hakuna chuo kilichokupa, akakuongezea na kitanda, nawe ukamwona mfanyabiashara. "Maoni yako yatazingatiwa!" Hivi ndivyo wanavyowafundisha kuongea na mama za watu?

Uzio wa meneja wako ni wa kumfurahisha meneja wako. Kiboko amekula majani hapo tangu kabla babu yako hajazaliwa, na waya hautamfanya atafute hoteli nyingine. Mlinzi naye ana miguu miwili kama Benedicto, na wastaafu wakitoka kwenye mahema yao kunawa uso, watasimama pale pale aliposimama yeye. Umeniuliza kama uutegemee. Nenda ukamuulize meneja kama atalala humo ndani ya uzio, na mke wake.

Andika ukurasa mmoja. Rasi ni malisho ya viboko, nilikosea, mtu ameumia, eneo linalofaa ni la mwinuko, naambatanisha maelezo ya mwenyeji. Lugha ya kuilinda heshima yako haipo. Nimeitafuta miaka mingi katika barua za watu, sijaiona. Wageni watembee dakika kumi na mbili kwenda majini. Watu wanaosafiri kutoka ng'ambo hawashindwi na dakika kumi na mbili. Lakini usiandike kabla hujaenda kwa Mama Amondi ukalala siku zako mbili. Mbebee sukari, na usikilize. Atakucheka. Mwache akucheke.

Sitakudanganya kwamba utapongezwa. Huenda meneja akakufukuza, ukarudi kushika kitambaa, na wale wa sokoni wakaanza tena. Utachoka. Lakini huo ni uchovu wa mchana, ukilala unaisha. Huu ulio nao sasa unaamka nao.

Kuhusu baba: mwambie leo, kabla Rubeni hajarudi kuchukua turubai lake. Mzee amemwambia mteja kwamba wasomi wanapima na kuondoka, na mwanawe alikuwa ameshika ncha ya pili. Akija kuisikia habari hiyo kwa mtu mwingine, hatakuwa na pa kuuficha uso wake sokoni. Kisha mwombe akupishe kwenye cherehani, ulishone hilo turubai mwenyewe. Walikuwa wakikuuliza shahada yako inashona mshono gani. Waonyeshe.

Ukimaliza, lipeleke hospitalini kwa Benedicto kwa mikono yako, na chupa ya uji. Ukae kwenye kiti, useme, "Vigingi vile ni vyangu." Na Rubeni akikuuliza lile swali lake, unalijua jibu. Ni neno moja. Usiliongezee kitu.

Lakini ukishamwambia baba, hayo mengine yote yanaweza kusubiri siku mbili tatu. Kuna moja haliwezi. Umeniandikia kwa utulivu kabisa, katikati ya habari za mkataba, kwamba vigingi bado vipo. Mhitimu, kila siku watu wanateremka kwenye malori huko, wametoka mbali, hawamjui mtu, wanatafuta mahali pa kuweka kichwa, na rangi nyeupe yenye namba inaonekana tokea mbali. Unaogopa kwamba kuving'oa ni kukiri. Na ndiyo, ni kukiri. Panda pikipiki kesho, ufike jua likiwa juu na viboko wakiwa majini, umchukue mwenyeji akusimamie. Vigingi thelathini na sita kwa kijana wa umri wako ni kazi ya saa mbili.

Anza na namba kumi na nne.