Mtani Kaburini

Jumatatu, 3 Juni 2024

Damu huko bara, kupita Rutamba. Ng'ombe wameingia kwenye ufuta, wakulima wakawakata miguu kwa mapanga, wafugaji wakarudi na marungu. Mzee Abdulrazak, mwenye shamba, kapasuliwa kichwa. Kafia kwenye ufuta wake.

Nilipofika vijana wakanipokea kwa mawe. Mimi! Mkuu wa Mkoa mzima, nimejikunja chini ya dashibodi kama panya! Modesti, mlinzi wangu, alipiga risasi hewani ndipo tukapona. Nimeahidi kwenda kumzika mzee wao. Mke wangu kwenye simu: usiende. Nitakwenda. Kutoka ualimu hadi kiti hiki nimefika kwa kutokimbia watu.

Jumanne, 4 Juni 2024

Niandike kama ilivyokuwa.

Makaburini tulimkuta Hussen, mtani wa ukoo wa marehemu, kajilaza ndani ya kaburi. Hatoki! Eti nyumba hiyo kaipanga yeye, mzee akatafute nyingine. Watu wanalia na kucheka. Hata mimi nilicheka. Kwetu Singida pia watani ndio wachimbaji, na ndio wanaowachokoza wafiwa.

Kisha akanigeukia. Eti Mkuu wa Mkoa ndiye aliyechelewa kuleta polisi, basi atangulie yeye. Akainuka na panga la kukatia mizizi, akanidaka mguu, akavuta. Udongo ukaporomoka. Nikayaona mawe ya jana. Nikapiga kelele: Modesti, ananiua!

Kitako cha bunduki, kisogoni. Tena. Na tena.

Watu waliendelea kucheka kidogo. Walidhani Modesti naye anatania. Mpaka damu ilipoanza kuchuruzika kwenye mchanga mweupe, na Hussen hajibu.

Jumatano, 5 Juni 2024

Redio imesema nimenusurika kuuawa. Kamanda wa polisi anasema jambazi huyo, alikuwa na panga, basi. Simu kutoka juu: hongera, kesho uwaambie waandishi hivyo hivyo. Na eti jina langu linatajwa kwa nafasi kubwa zaidi. Nikasema asante. Asante!

Kaka zake Hussen wamekamatwa kwa kula njama. Mmoja kavunjwa taya.

Nilimuuliza Modesti kama hakuona kuwa yule anatania. Akajibu, niliona, mzee. Lakini wewe ulisema anakuua.

Sijala.

Alhamisi, 6 Juni 2024

Naandikia gotini, ndani ya gari, nje ya nyumba ya msiba wa Hussen. Waandishi wananisubiri mjini Lindi. Nilimwambia dereva tupitie huku kwanza. Nilitaka nini? Kutoa rambirambi na kuondoka, nadhani. Mjinga mimi.

Maiti imeshaoshwa. Kaburi halijachimbwa. Watani wao wamegoma, hawashiki jembe mpaka wajue Hussen alikufa akitania au akiua. Tangu lini mtani akauawa msibani, wanauliza, na nani atathubutu tena?

Kidawa, dada yake, kaja mpaka dirishani. Hakuna shikamoo, hakuna karibu.

"Aliyetaniwa ni wewe, mheshimiwa. Kama ndugu yangu alikuwa jambazi, nenda, tutamfukia wenyewe. Kama alikuwa mtani, basi shuka umchimbie."

Kaegemeza jembe kwenye mlango wa gari, kasimama.

Nikishika jembe hilo nimekwisha. Kiti, jina, pengine jela na Modesti pamoja. Nisiposhika, Hussen anazikwa jambazi na kaka zake wanaozea ndani.

Jiwe! Kioo cha nyuma kimekwenda. Dereva anatokwa damu sikioni. Vijana wameziba njia kwa magogo ya mikorosho, wengine wana mapanga. Kidawa hajasogea. Simu inaita — namba ya Dodoma. Inakata, inaita tena.

Modesti kashakoki bunduki. Anasema njia bado inapitika, mzee, sema tu.

Nimevua koti. Modesti ananitazama mdomo.