Nani Aliulizwa Ulipopelekwa Komoro?

Jumapili, Aprili 2008. Chuno, Mtwara. Mvua tangu alfajiri, tope mpaka mlangoni.

Mwanangu Salumu, asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako tu. Baba yako hajambo, goti linamsumbua kama kawaida yake ya masika. Bibi yako hajambo, anakuulizia kila akitoka kwenye mswala. Dada yako Zuhura hajambo, ndiye mwenye ukurasa huu wa mtandaoni na ndiye anayepiga chapa. Mimi nasema, yeye anaandika, mara nyingine namnyang'anya nibonyeze mwenyewe, kwa hiyo ukiona makosa ujue hayo ni ya mama. Mwanawe Fatu ameota meno mawili. Mjomba wako Athumani wa Mpapura hajambo, anakusalimu sana, na habari zake nitakupa. Hata mbuzi hajambo. Wote wazima, ila wananilalamikia kwamba mboga haina chumvi.

Zuhura anasema maneno haya mtu anaweza kuyasoma popote penye kompyuta, hata visiwani. Basi nimeona niandike hapa, maana simu yako haipatikani. Na ninyi wengine mnaopita kusoma, karibuni, msinicheke. Niliishia darasa la nne.

Leo roho yangu haijatulia, lakini silii. Nina maswali.

Ulipopiga simu ile ya mwisho ulisema, "Mama, tunasafiri, niombeeni dua," ikakatika. Siku chache baadaye redio ikasema askari wetu wameshuka Komoro, kumtoa yule mkubwa wa kisiwa aliyegoma kuondoka. Baba yako akaizima redio, akasema, "Basi ndiko aliko." Baadaye tukasikia kazi imekwisha, kisiwa kimeshikwa.

Sasa kama kazi imekwisha, mbona hupigi?

Mjomba wako alipopata habari alishuka kutoka Mpapura na kanzu yake ya Idi. Hakuja kwetu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye geti la kambi ya jeshi, akamwambia askari wa zamu, "Mimi ni mjomba wake Salumu. Nimekuja kujua ni nani aliyekuja kwangu kuomba ruhusa."

Unamjua mjomba wako. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, hatoki kwenda kwenye jambo kubwa kabla mjomba hajaketi kikao. Akadhani jeshi nalo linalijua hilo.

Askari akamjibu kwa adabu, "Mzee, mambo haya yanaamuliwa juu."

"Juu wapi? Kwa Mungu?"

"Chini kidogo ya hapo."

Mjomba wako hakucheka. Akamuuliza, "Kwenu wapi, kijana?" Akasema Newala. "Basi unajua ninachouliza." Yule kijana akatazama viatu vyake, akasema, "Najua, mjomba. Hata wangu hakuulizwa."

Alipofika hapa nyumbani hasira zilikuwa zimemwisha. Alikula muhogo wake, akaniambia neno moja tu: "Na wale pale getini ni watoto wa watu."

Mimi likanibakia swali. Huko juu ni nani, na yeye je, ana mjomba wa kumuuliza?

Jana asubuhi Mwalimu Rashidi, yule anayefundisha uraia sekondari, alikuja kununua vitumbua. Mvua ikamfungia barazani kwangu, nikasema huyu kaletwa. Nikamuuliza, naye hakunidharau. Akanieleza kwamba Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, jeshi linatii amri yake. Katiba inampa uwezo wa kutangaza vita. Lakini akishatangaza, lazima ampelekee Spika tangazo lile, na Spika aliite Bunge ndani ya wiki mbili, wabunge waketi waseme wanamuunga mkono au hawamuungi.

Nilikuwa namsikiliza mpaka vitumbua vikaungua upande mmoja.

Nikamwambia, "Mwalimu, kwa hiyo mjomba anaitwa mtoto akiwa ameshatoka?"

Akacheka mpaka chai ikampalia. "Mama Salumu, ndiyo hivyo. Adui akiingia, nchi haiwezi kungoja kikao."

Hilo nimelielewa. Nyumba ikishika moto hukai kuulizana nani achote maji. Lakini Komoro hawakutuvamia, nikamwambia. Akakuna kidevu. Akasema huko juu wanasema si vita, ni kusaidiana Waafrika kurudisha amani, na kwa safari za namna hiyo anavyojua yeye katiba haisemi waziwazi kwamba Bunge liketi kwanza. Wabunge wanaweza kumuuliza waziri, na fedha za jeshi ni wao wanaozipitisha. Halafu akasema hana hakika sana, atakwenda kusoma tena. Nimempenda kwa kusema hana hakika.

"Na mtu akipigwa risasi kwenye amani, anaumia kidogo?"

Akaweka kikombe chini, akatoa pesa.

Nikamfungia vitumbua vyake, na vile vilivyoungua nikamwongezea bure.

Tangu jana nawaza. Nikakumbuka jando lako. Baba yako alikuingiza pamoja na wenzako wa mtaani, mjomba wako yuko Mpapura anapalilia mihogo, hana habari. Alipofika hapa wewe ulishanyolewa, uko ndani. Alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Lakini angefanya nini? Mtoto hatolewi jandoni katikati.

Ila hakurudi shambani.

Kila asubuhi alikwenda kusimama kwenye njia anayopita kungwi, akamuuliza. Amelalaje? Amekula? Kidonda kinaendeleaje? Kungwi alimchoka, akambandika jina Mzee Maswali. Lakini uji wenu haukuwahi kufika umepoa, na wewe ulitoka umenenepa mashavu.

Labda kazi yenyewe ndiyo hiyo, sijui. Mjomba aliyechelewa ni mjomba bado, asirudi tu shambani.

Najiuliza kama kule Dodoma yuko mbunge hata mmoja anayesimama njiani hivyo. Sitaki makubwa. Asimame amuulize waziri, wale vijana wamelala wapi, wamekula nini, wanarudi lini? Baba yako anasema mambo ya jeshi ni siri, hayaulizwi. Nikamwambia, baba Salumu, mimi sijauliza bunduki ziko wapi, nimeuliza mwanangu yuko wapi. Akaenda kuwasha redio yake. Mjomba wako yeye ameshasema, mbunge wetu akija kufanya mkutano atavaa kanzu ileile na kusimama mbele. Nami nitakwenda naye. Swali langu nimeshalikariri.

Sasa ile habari ya chumvi. Ulipokuwa jandoni sikutia chumvi kwenye chungu, ndivyo tulivyofunzwa sisi kina mama, ili kidonda cha mtoto kipone upesi. Wakati ule niliujua mwiko wangu, na nilijua mnatoka lini. Safari hii hakuna aliyeniambia mwiko wa mama wa askari ni upi. Nimeurudia ule ninaoujua. Bibi yako kanielewa, hata hakuuliza. Zuhura ananuna huku anaandika haya. Baba yako anakula anatazama ukuta.

Mwanangu, ukiyaona maneno haya usingoje mpaka upate la maana la kusema. Andika mstari mmoja hapo chini, Zuhura anasema panaandikika. Au azima simu ya mtu. Huna salio, bipu tu, sisi tutapiga. Hata ukisema viatu vinakubana, kwangu hiyo ni taarifa kamili.

Tuma neno upesi. Kisamvu kiko jikoni kinachemka, na kopo la chumvi nimeliweka hapa pembeni ya simu.