Moshi wa Mikate Yetu

Jumatatu, 7 Julai

Kipupwe kimeingia, na kikohozi kimeingia nacho. Leo Chiriku wangu, mtoto asiyefunga mdomo hata usingizini, ameshindwa kumaliza sentensi. Pumu! Daktari kasema mji wetu umekaa ndani ya bakuli — milima kila upande, upepo hakuna, na ile hewa baridi ya alfajiri inaukandamiza moshi chini mpaka jua likolee. Mtoto apelekwe juu mlimani, kwa wifi, hadi upepo wa Septemba. Septemba! Nimebisha kweli kweli. Kisha nikamsikia anavyovuta pumzi. Nikaenda kumfungia nguo.

Alhamisi, 10 Julai

Nyumba kimya mpaka masikio yanauma. Wifi kapiga simu. Mtoto anakula, analala, pampu ya pumu hajaigusa tangu juzi. Hakukosa kuongeza kwamba sisi wa bondeni tunajikausha wenyewe kwa moshi kama samaki. Nimemeza mate nikamshukuru.

Nimeamka alfajiri kama kawaida, nikawasha tanuri, nikaoka mikate ya kuuza huku nawalaani wenye malori na wachoma takataka. Wangekuwa karibu wangenikoma.

Jumapili, 13 Julai

Nimelala kwa wifi jana, tanuri nikamwachia mume wangu. Kulipopambazuka Chiriku akanivuta hadi mwisho wa ua. Nikatazama chini — mji hamna! Umefunikwa na utando kama wa maziwa yaliyopoa, ila wa kijivu. Kisha akaanza kunionyesha mabomba ya moshi ya mtaa wetu, yanayochungulia kwenye utando. Tanuri za mikate, zote zimewashwa. Moshi unapanda kidogo, unagota, halafu unajilaza juu ya mapaa.

"Ule wa kwetu, Mama," akasema. "Unaingia dirishani kwangu."

Wala hakulaumu. Ndiyo maana imeniuma hivi. Malori yapo, sikatai. Ila pale mtaani ni sisi, waoka mikate. Ni mimi!

Basi. Kuni zangu hazishiki moto tena kabla jua halijaunyanyua ule utando. Mtoto wangu hasubiri Septemba.

Jumatano, 16 Julai

Tangu juzi tunawasha saa tano. Mkate unatoka mchana, watu wa chai ya asubuhi wote wamehamia kwa Mzee Hamira, ng'ambo ya barabara. Mume wangu kanuna, anasema nimewafukuza wateja kwa fimbo. Wacha anune.

Kilichonichoma ni kingine. Alfajiri nimefungua dirisha la Chiriku — moshi ule ule! Safari hii wa Mzee Hamira. Kumbe kuzima peke yangu ni kazi bure, hewa haina ukuta.

Jioni nikaenda kwenye chama chetu cha waokaji. Nikaeleza bakuli, nikaeleza utando. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Hamira, maana ndiye mwenyekiti, kauliza kama wateja sasa watakunywa chai kwa hadithi zangu. Nikamwambia keshokutwa alfajiri nampitia, twende juu akatazame mwenyewe. Asipoona kitu, nitamchanjia kuni mwaka mzima. Kakubali mbele ya watu, ajipatie wa kumcheka.

Alhamisi, 17 Julai

Nusu ya mikate imelala bila kununuliwa. Sirudi nyuma.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika nikiwa kwenye ngazi ya wifi, vidole vimekufa ganzi. Mzee Hamira kasimama mwisho wa ua. Njia nzima alikuwa akinikejeli. Sasa macho yamemganda kwenye utando.

Kaniuliza ile nyumba ya bati jipya ni ya nani, ile ambayo moshi wa tanuri yake umeilalia. Anajua! Ni ya binti yake, aliyejifungua majuzi tu.

Katoa simu, kampigia mwokaji wake. Kamwambia azime. Sauti ya yule kijana naisikia hadi hapa: kinyunya cha mikate kimeshaumuka, wateja wako mlangoni, akipeleke wapi?

Mzee kanigeukia. Jicho la mtu aliyeshikwa pabaya. Na mimi naielewa shida yake, kinyunya hakijui kungoja.

"Kinakandwa upya," nimemwambia. "Nashuka nawe sasa hivi, nakikanda mwenyewe. Mchana tunaoka pamoja."

Chiriku katoka na shuka begani. Anauliza kama leo anarudi nyumbani. Nimemwambia angoje kidogo.

Mzee anaitazama tena ile nyumba ya bati jipya. Simu hajakata. Kule chini moshi wake unaendelea kutoka, na yule kijana anauliza, "Mzee, upo? Nifanyeje?"