Aliyemnywesha Farasi Maji

Jumapili, 3 Machi 2013. Riyadh
Ukurasa wa sitini na mbili. Baroni bado anajisifu. Kutwa nzima namtafsiri kutoka Kijerumani kwenda Kiarabu, askari wa farasi wa enzi za Kaizari, na sijaona siku aliyokosea. Kampiga mtu risasi kwa ajili ya mbwa, naye ndiye aliyeonewa! Farasi wake, Zuhra, alimnunua huku Najdi. Bosi, Abu Turki, anafuga farasi na anaamini wake ni wa ukoo huo. Ndiyo maana anakitaka kitabu. Mgongo unauma.

Jumanne, 5 Machi
Baroni kahamishiwa Afrika. Kashuka Pangani. Kwetu! Anasema kunanuka. Mshenzi.

Jumamosi, 9 Machi
Leo nimeshindwa kula.
Zuhra anaugua tumbo safarini, bara. Kurasa mbili nzima. Baroni analala kando yake, analia. Anapokufa anamzika, anaandika jina la farasi, la mama yake na la bibi yake.
Kisha mstari mmoja. Mpagazi aliyemnywesha maji, farasi angali na joto la mbio, alipigwa hamsa ishirini. Kufika kiboko cha kumi na tano hakutikisika tena. Walimalizia vilivyobaki.
Basi. Aya inayofuata anasifia machweo.
Bibi yangu alikuwa akilitaja neno hilo, hamsa ishirini, akashusha sauti kana kwamba Mjerumani yuko ukumbini. Viboko ishirini na vitano. Farasi ana jina mpaka la bibi yake. Mtu hana hata la kuitiwa. Si babu yangu, wangu nawajua wote kwa majina. Ni babu wa mtu.
Nimevunja kalamu. Ya bosi.

Jumatatu, 11 Machi
Bosi kasoma sura ile. Kaweka kidole kwenye mstari.
“Hii futa, ustadhi. Halas, imekwisha. Wageni wangu wanakuja kusikia habari za farasi.”
Nikamwambia mstari ukitoka, na jina langu litoke kwenye jalada. Kacheka. Kisha hakucheka. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inakwisha mwezi ujao na mwenye kuihuisha ni yeye. Kanipa mpaka Jumatano.
Kinachoniudhi zaidi ni kwamba si mtu mbaya. Mwaka jana jino liliponivimba alinipeleka kwa daktari mwenyewe, kwa gari lake. Laiti angekuwa mbaya.

Jumatano, 13 Machi
Nimempelekea sura na mstari wake. Kaukata mbele yangu, kwa rula, mkono umetulia. Jina langu kalikata pia. Ikama haihuishwi, narudi nyumbani. Kasema bila ukali, kaagiza nipewe chai.
Chai nimeiacha.
Nina hasira naye. Nina hasira na Baroni, aliyekwisha kuwa udongo. Na mimi mwenyewe, kwa kurasa sitini nilizocheka naye. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Nimempisha. Hasira haikumpisha.

Alhamisi, 21 Machi. Jeddah
Niko mtaa wa Al-Mahjar, kwa Ami Seif, mdogo wake baba. Ndege ni keshokutwa.
Umra yangu, hija ndogo ya Makka, niliifanya mwaka jana, kwa hiyo ruhusa ya kumfanyia mwingine ninayo; jana nilitaka kumfanyia yule mpagazi. Nimevaa ihramu, nimesimama mlangoni, nikakwama. Ukimfanyia mtu lazima umtaje. Nimtaje nani? Sijui hata kama alikuwa Mwislamu. Nikasimama pale kama mjinga, hasira zikanipanda upya, nusura niivue.
Ami Seif alikuwa anapiga pasi kanzu. Hakuinua kichwa.
“Kwani alifanya nini, mwanangu?”
“Alimnywesha farasi maji.”
“Basi sema hivyo. Anajulikana.”
Nikanuia hivyo, kwa ajili ya aliyemnywesha farasi maji. Nikaenda Makka, nikaizunguka Kaaba mara saba, nikaenda Safa na Marwa. Nikanyoa.
Leo nimelala mpaka saa nne. Ami Seif kapika maharage.